Mwiba Unaolala Juu ya Mto

Haya, sogeeni. Sogeeni tena kidogo. Wewe uliyekalia mguu wa mwenzako, jinyanyue. Masikio mmekuja nayo? Basi hadithi inaingia.

Huko Korogwe, pembeni mwa shamba la katani, kuna nyumba ya bati jekundu. Humo anaishi Kidawa.

Kidawa ni mdogo. Mdogo hasa! Akisimama karibu na pipa la maji, pipa linamshinda urefu.

Lakini mdomo wake? Weee! Mdomo wake si mdogo hata kidogo.

Kidawa anaishi na Bibi, na Baba, na dada yake Nasra, na kaka yake Mhina.

Na Mama? Mama yuko Tabora. Anasoma chuo cha kilimo. Tabora ni mbali. Ukipanda basi unasinzia, unaamka, unasinzia tena, na bado hujafika.

Mama hupiga simu. Kriii! Kriii!

"Hujambo, kipenzi changu?"

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

Sauti ni ya Mama kabisa. Lakini simu haina mapaja. Kidawa ameigeuza huku na huku, ameitazama pande zote. Simu haina mapaja ya kukalia.

Ndiyo maana usiku Kidawa hulalia mto wa Mama. Mto una foronya ya maua. Unanukia mafuta ya nazi, kama nywele za Mama.

Sasa sikilizeni. Kila jioni, wakishakula, wote hukaa kwenye mkeka. Baba huosha masufuria. Bibi hupiga makofi, pa! pa!

"Kitendawili!"

"Tega!"

Hebu na ninyi. Kitendawili! ... Sijasikia. Kitendawili! ... Enhee, hapo sawa.

Sheria mnaijua? Ukitega, na watu wote wakashindwa, unawaambia, "Nipeni mji!" Wanakupa mji. Mji mzima, na soko lake, na stendi yake. Wewe unawaambia umefika, umekula nini, umelala wapi. Halafu ndipo unatoa jibu.

Mhina ana Arusha na Mwanza. Nasra ana Dodoma, ana Moshi, ana Unguja nzima. Bibi ana miji mingi mpaka anawagawia kuku.

Kidawa hana mji. Hana hata kijiji.

"Kitendawili!" anasema Kidawa.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango!"

"Yai!" wanajibu wote kwa pamoja.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila niendapo ananifuata!"

"Kivuli!" wanajibu wote kwa pamoja.

Mhina akacheka mpaka akalala chali. "Kidawa! Hivyo vilikuwepo kabla Bibi hajaota meno!"

Kidawa akanuna. Akanuna kweli. Midomo ilichomoza mbele, ungeweza kutundika kikombe.

Mnajua kwa nini alinuna? Si kwa ajili ya Arusha. Si kwa ajili ya Unguja. Kidawa alitaka mji mmoja tu.

Usiku akaunong'onezea mto wa Mama. "Mimi nataka Tabora. Nikipewa Tabora, nitakuwa na mji alipo Mama."

Mto ulinyamaza. Mito ndiyo ilivyo.

Asubuhi Kidawa akaamka na neno. "Leo natafuta kitendawili kipya!"

Kitendawili kipya hakiuzwi dukani. Kidawa akatazama ufagio. Ah, ufagio kila mtu anaujua. Akatazama birika. Ah, birika nalo kila mtu analijua.

Mara mbuzi wa Bibi akakata kamba. Huyooo! Akakimbilia nyuma ya jiko. "Meee!"

Kidawa akamfuata mbio, puku puku puku. Akateleza. Akashika tawi asianguke.

Chwi!

"Yalaa!" akalia Kidawa. Akatia kidole mdomoni.

Nani kamchoma? Si mbuzi. Ni mti. Mti wa kwenye uzio, wenye vitawi vingi, umejazana kama nywele zisizochanwa.

Mti ule ulikuwa na majani. Majani mengi, ya kijani, yanang'aa. Manene kidogo. Kidawa akalivunja moja, tak! Lilikuwa na maji ndani.

Tena ulikuwa na maua. Maua ya rangi ya waridi, laini, yanayomchekea kila anayepita.

Na miiba. Mama yangu, ile miiba! Mirefu, myeusimyeusi, imekaa kwa makundi.

"Wewe ni nani?" akauliza Kidawa.

"Meee," akajibu mbuzi. Lakini hakuulizwa yeye.

Kidawa akaenda kwa Bibi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona kidole mdomoni?"

"Nimechomwa na mti wa nyuma ya jiko. Ni mti gani ule?"

"Ule? Ule mwaridi," akasema Bibi. "Huoni maua yake?"

Kidawa akaenda kwa Baba. "Baba, mti wa nyuma ya jiko ni mti gani?"

"Ule? Ule mlimau mwitu," akasema Baba. "Huoni miiba yake? Tumehamia hapa, tumeukuta."

Mmh! Bibi anasema mwaridi. Baba anasema mlimau. Kidawa akakuna kichwa.

Kumbe watu wazima nao hawajui kila kitu. Shii! Msiseme ni mimi niliyesema.

Kidawa akaenda kwenye mlimau wa kisimani. Akainama. Akautazama mwiba kwa karibu, pua nusura ichomwe.

"Mwiba, mwiba, unalala wapi?"

Mwiba wa mlimau ulikuwa mmoja, peke yake. Umetokeza kwenye tawi tupu. Hauna shuka, hauna mto. Masikini!

Kidawa akaenda kwa jirani, Mama Semboja. Mama Semboja amepanda waridi kwenye ndoo iliyotoboka.

"Mwiba, mwiba, unalala wapi?"

Mwiba wa waridi ulikuwa umebandikwa kwenye ngozi ya tawi. Kidawa akausukuma kwa ukucha. Tak! Ukabanduka. Nao hauna mto. Masikini tena!

Kidawa akarudi nyuma ya jiko. Akachuchumaa. Akafunua jani moja taratibu, kama anayefunua mtoto aliyelala.

"Mwiba, mwiba, unalala wapi?"

Hapo, kwenye shina la jani, palikuwa na kitu kidogo. Kidogo, cha mviringo, laini. Kina manyoya mafupi, ukigusa kwa ncha ya kidole unasikia ulaini wake. Na miiba yote inatokea hapo hapo katikati.

Kidawa akafunua jani jingine. Kipo! Jingine. Kipo!

"Ni mto!" akapiga kelele Kidawa. "Mwiba unalala juu ya mto! Kama mimi!"

Sasa nani mwingine analala hivyo? Kidawa akafikiri. Akafikiri mpaka akasahau kumfunga mbuzi.

Halafu akakimbia mpaka kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Puku puku puku! Hapo limesimama dungusi.

Dungusi mnalijua? Lile nene, bapa, la kijani, kama chapati zilizopandana. Halina majani. Miiba tu.

"Mwiba, mwiba, unalala wapi?"

Kidawa akatazama. Akatazama tena. Palikuwa na kimto kidogo, cha manyoya. Na miiba iko juu yake!

"Kumbe ninyi ni ndugu!" akasema Kidawa. "Kule nyuma ya jiko ni dungusi, na hapa ni dungusi!"

Mmoja ana majani, mwingine hana. Kwani kuna ubaya? Mhina ana masikio makubwa, Kidawa ana madogo, na ni ndugu wa tumbo moja.

Kidawa akarudi kuuaga mti wake. Hapo ndipo akaona matunda.

Tunda la mti ule lilikuwa limevaa vijani. Ndiyo, tunda lenye majani yake madogo mwilini. Na chini ya tunda hilo lilining'inia tunda jingine, dogo.

"La juu ni mama," akasema Kidawa. "La chini ni mtoto."

Akanyamaza. Kidawa akinyamaza, ujue kuna jambo.

"Hata tunda liko na mama yake," akasema polepole. Machozi yakamjaa.

Halafu akajifuta kwa mkono wa gauni. Kulia baadaye. Kwanza kitendawili!

Mchana kutwa alikuwa akinong'ona. Akimwaga maji, ananong'ona. Akila muhogo, ananong'ona. Akamtegea mbuzi.

"Meee," akajibu mbuzi.

"Umekosa," akasema Kidawa. Akafurahi sana.

Jioni ikafika. Wakala ugali na mlenda. Baba akaosha masufuria. Bibi akapiga makofi, pa! pa!

Nasra akatega, wakafumbua. Mhina akatega, wakashindwa, akapewa Iringa. Akajivuna huyo!

Kidawa akasimama katikati ya mkeka.

"Kitendawili!"

"Yai!" akasema Mhina.

"Sijatega bado!"

"Mwache mwenzio atege," akasema Bibi. "Haya, mjukuu wangu."

"Kitendawili!"

"Tega!"

Kidawa akavuta pumzi. Akasema,

"Nina jani, si mlimau.
Nina ua, si mwaridi.
Nina mwiba mkali, nao unalala juu ya mto!"

Baba akamtazama Bibi. Bibi akamtazama Nasra. Nasra akamtazama Mhina. Mhina akatazama juu, labda jibu liko darini.

"Juu ya mto," akasema Baba. "Mto huu huu wetu? Mto Pangani?"

Kidawa akabana midomo.

Ninyi mnajua, siyo? Mnajua mto gani. Nyamazeni! Msimwambie Mhina.

"Mkuyu!" akasema Bibi. "Mkuyu huota mtoni."

"Mkuyu una miiba, Bibi?"

"Ah. Hauna," akasema Bibi.

"Samaki!" akasema Nasra. "Samaki yuko mtoni, na ana miiba! Juzi mmoja ulinikwama hapa!"

"Samaki ana majani, dada?"

Wote wakaangua kicheko. Samaki mwenye majani! Nasra naye akacheka.

"Najua! Najua!" Mhina akaruka. "Kinalala juu ya mto. Ni daraja!"

"Daraja lina maua?" akauliza Kidawa.

Mhina akakaa chini.

"Matete!" akasema Baba. "Si matete," akajibu Kidawa.

"Mamba!" akasema Mhina. "Si mamba!" akajibu Kidawa.

Wakaogelea mto mzima, wakatoka upande wa pili, mikono mitupu.

"Tumeshindwa," akasema Bibi.

Kidawa hakuyaamini masikio yake. "Mmeshindwa? Wote?"

"Wote, mjukuu wangu. Tumeshindwa kabisa."

Kidawa akapanua mikono yake. "Basi nipeni mji!"

"Chukua Lushoto," akasema Bibi. "Kuna baridi nzuri, utavaa sweta."

"Sitaki."

"Chukua Dar es Salaam," akasema Baba, "na foleni zake zote."

"Sitaki."

"Basi chukua Unguja yangu," akasema Nasra. "Mwenyewe naipenda, lakini chukua."

"Sitaki."

"Huyu anataka nini?" akauliza Mhina. "Anataka mwezi?"

Kidawa akasema kwa sauti ndogo, "Nipeni Tabora."

Hakuna aliyecheka. Baba akaiweka sufuria chini. Mhina akatazama vidole vyake vya miguu.

Kumbe na Mhina! Alikuwa anacheka jana yake, lakini naye alimkumbuka Mama. Alimkumbuka sana.

"Chukua Tabora," akasema Mhina. "Chukua yote."

Kidawa akasimama wima. Akasema, "Nimefika Tabora. Watu wamenipokea. Nimekula wali, nimekula asali mpaka vidole vikanata. Halafu nimelala. Nimelala kwenye mapaja ya Mama."

Bibi akachukua upindo wa kanga, akajifuta macho. Eti moshi. Na moto ulishazimwa zamani!

"Haya, tupe jibu," akasema Baba.

"Jibu ni dungusi!" akasema Kidawa. "Mti wa nyuma ya jiko ni dungusi!"

"Dungusi?" akasema Bibi.

"Dungusi?" akasema Baba.

"Aaah!" Mhina akaruka. "Dungusi lina majani wapi? Dungusi ni lile la njiani! Halina hata jani! Jibu la uongo! Rudisha mji!"

"Kweli, Kidawa," akasema Nasra. "Jibu likiwa la uongo, mji unarudi. Sheria ni sheria."

Moyo wa Kidawa ukaenda ndu, ndu, ndu. Tabora yake! Ameipata sasa hivi, irudi?

"Si uongo!" akasema. "Njooni mwone!"

Baba akachukua tochi na kisu. Wakasikia nyayo zake zikienda nyuma ya jiko. Halafu wakasikia, chwi!

"Yalaa!" akalia Baba.

Akarudi na kitawi mkononi na kidole mdomoni. Akakiweka kitawi kwenye sinia. Vichwa vyote vikainama.

"Mwiba, mwiba, unalala wapi?" akauliza Kidawa. Akafunua jani.

Bibi akavaa miwani. Akatazama. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Lo!" akasema Bibi. "Mto wa kulalia! Kimto cha manyoya! Na mimi mwenzenu nilikuwa nimeshalowa Pangani!"

Wakacheka, wakacheka. Baba akacheka na kidole mdomoni.

Lakini Mhina hakucheka. "Mto nimeuona," akasema. "Lakini nani kasema ni dungusi? Bibi kasema mwaridi. Baba kasema mlimau. Nani anajua kweli?"

Halafu Nasra akapiga paja lake. "Mama! Si Mama anasoma mambo ya mimea?"

Baba akatoa simu. Tu, tu, tu. Kriii! Kriii!

"Haloo? Mbona saa hizi, kuna nini?" Ilikuwa sauti ya Mama. "Watoto wazima?"

"Wazima, ila kuna kesi," akasema Baba. "Mwenye kesi huyu hapa."

Kidawa akashika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mama. Mti wenye majani unaweza kuwa dungusi?"

"Marahaba, kipenzi. Hebu nieleze. Majani yake yakoje?"

"Manene kidogo. Yana maji. Yanalia tak."

"Enhee. Na maua?"

"Kama waridi. Lakini si waridi."

"Enhee. Na matunda?"

"Tunda limevaa vijani. Na tunda limebeba tunda, kama mama na mtoto."

"Kidawa, sasa nisikilize vizuri. Miiba yake inatokea wapi?"

Kidawa akafumba macho. "Inalala juu ya mto, Mama. Mto mdogo wa manyoya."

"Ahaa!" akasema Mama, na simu ikajaa furaha. "Basi ni dungusi, mwanangu! Ukoo wa dungusi, wote, miiba yao ina kimto. Mlimau hauna. Waridi halina."

"Na majani je?" akapiga kelele Mhina pale pembeni.

"Shikamoo iko wapi, Mhina?"

"Shikamoo, Mama. Na majani je?"

"Marahaba, mwanangu. Madungusi mengi hayana majani mapana kama hayo. Hilo la nyuma ya jiko lenyewe limebaki na yake. Jua likizidi, yatapukutika. Msije mkaling'oa mkidhani limekufa. Mvua ikinyesha, litavaa tena."

Mhina akamtazama Kidawa. Kidawa akamtazama Mhina.

"Mji ni wako," akasema Mhina. "Mimi nimekubali."

"Mji gani?" akauliza Mama.

"Nimepewa Tabora, Mama!" akasema Kidawa. "Walishindwa wote! Tabora ni yangu!"

"Hee! Kumbe naongea na mwenye mji! Na mimi naishi kwako, sina habari!"

Hapo Kidawa akawaza jambo. Akaikaza simu sikioni.

"Mama."

"Naam, mwenye mji wangu."

"Mimi ndiye mwenye Tabora. Nakupa ruhusa. Toka, uje nyumbani."

Mama akacheka.

"Nilitaka niwashtukize," akasema Mama. "Lakini mwenye mji akishasema, mimi nani nibishe? Chuo kinafungwa wiki hii, Kidawa. Nakuja."

Haya sasa! Nyumba nzima ikapiga kelele. Mhina akapiga kelele kuliko wote. Hata mbuzi kule nje akasema, "Meee!"

"Mkwe wangu!" Bibi akaipigia simu kelele. "Usije bila asali!"

Na Mama akaja.

Alishuka kwenye basi na begi na dumu la asali. Miguu imevimba kwa safari, kanga imejaa vumbi. Watoto walimkumbatia wote kwa pamoja, nusura aanguke na asali yake.

Kabla hata ya kunywa maji, Kidawa akamvuta mkono. Wakaenda nyuma ya jiko.

Mama akainama. Akafunua jani taratibu. "Mwiba, mwiba, unalala wapi?" akauliza.

"Juu ya mto!" akasema Kidawa.

Na Mama naye akachomwa. Chwi! Nyumba ile hakuna aliyesalimika.

Jioni wakala, wakashiba. Baba akaosha masufuria. Wakakaa kwenye mkeka. Kila mmoja alilamba asali ya Tabora, na mwenye mji akalamba mara nyingi zaidi.

Bibi akapiga makofi, lakini polepole. Pa, pa.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakajibu.

Sauti moja haikusikika. Bibi akatazama huku na huku. "Kidawa yuko wapi? Leo hajibu?"

"Shii," akasema Mama.

Mhina akaenda chumbani. Akarudi na mto wenye foronya ya maua.

"Wa Kidawa huu," akanong'ona. "Hulala nao kila siku."

"Leo hauhitaji," akasema Mama. "Lalia wewe."

Mhina akauweka mto mkekani, karibu na miguu ya Mama. Akaunusa kidogo, akidhani hakuna anayemwona. Akalaza kichwa.

Mwiba, mwiba, unalala wapi?

Juu ya mto.

Mhina, Mhina, unalala wapi?

Juu ya mto.

Na Kidawa, mwenye Tabora yake, analala wapi?

Kwenye mapaja ya Mama.

Hadithi yangu nayo imechoka, naiona inapiga miayo. Ilazeni. Na ninyi, kila mtu na mto wake. Laleni salama.